Dirisha la Upande wa Kaskazini

Kalenda ukutani imeshaandika vuli.
Nani kaisoma? Si jua.
Saa mbili asubuhi shati limeshanigandia mgongoni
kama stempu kwenye bahasha,
na hewa ya Houston ni ya kutafuna kwanza
ndipo umeze.

Kazi yangu viyoyozi.
Agosti sina jina, nina namba:
wanapiga wakilia, wakitukana, wakiahidi kulipa mara mbili.
Na Septemba ni Agosti iliyochoka,
isiyotaka kwenda kulala.
Napanda darini kwa watu, tochi mdomoni,
joto la huko lingeivisha mkate;
nabadili kapasita, nazibua bomba lililoota ukungu,
nashuka nimelowa chepechepe
kama mtu aliyeopolewa.

Kila siku saa tisa mawingu hujipanga upande wa Ghuba,
mazito, yana sura ya wadai.
Hunguruma. Hukunja ngumi.
Kisha matone kumi juu ya lami, mvuke, basi.
Juzi redio ilitaja kimbunga;
watu wakamaliza betri na maji ya chupa madukani,
nacho kikageuza njia
kama mgeni aliyekosea mlango.
Tumebaki na maboksi sebuleni
na kinyongo, aibu kukisema,
kwamba hakikuja.

Bibi Verlene Pettway ana miaka themanini na moja.
Mumewe, Alton, alizikwa Februari.
Tangu Julai amenipigia mara nne:
"Kimu," (naitwa Khiem, nimeacha kumsahihisha)
"Kimu, mashine inaguna."
Naenda. Haiguni. Ni nzima kuliko mimi.
Naifuta vumbi, naandika sifuri kwenye risiti,
ananikatia pai ya viazi vitamu,
anauliza, mama hajambo?
Hajambo, nasema.
Mama ana miaka sita kaburini.

Ijumaa, kabla ya mapambazuko, simu.
"Kimu. Njoo na kisu."

Nilipofunga mlango wa gari, hewa haikunishika.
Nikasimama pale pale.
Upepo mwembamba, mkavu, kutoka kaskazini,
na shati langu likabanduka mgongoni, lenyewe, polepole.
Ndege weusi juu ya nyaya
wote wameelekeza midomo upande mmoja.

"Alton aliyapaka rangi yakiwa yamefungwa," akasema,
"mwaka tuliponunua mashine ya kwanza.
Kiangazi hakitaingia tena humu, alisema.
Kila mwaka, siku kama hii, nilimwomba anifungulie moja.
Kesho, alisema.
Na siku kama hii, Kimu, haina kesho."

Nikapitisha kisu pembezoni mwa fremu.
Nyeupe, chini yake kijani, chini yake nyeupe tena,
miaka ikichubuka na kunidondokea viatuni.
Mbao zikalia. Nikatia bega.
Likapanda shubiri moja, likakwama, likapanda.
Nyigu mkavu akaanguka kutoka kizingitini.
Upepo ukaingia bila kubisha,
ukapekua bili mezani,
ukaitingisha kofia iliyokuwa msumarini.

"Sasa izime."
Mimi ninayekula kwa mashine ile, nikaizima.

Ngoma za wanafunzi wakifanya mazoezi, mbali, ng'ambo ya kijito cha Brays.
Kokwa ya mpekani wa jirani juu ya bati: ko.
Mbwa fulani.
Bibi Verlene aliinamisha sikio, kisha akacheka
mpaka akashika meza.
"Nilikwambia ilikuwa inaguna."

Jumapili joto lilirudi na mizigo yake yote.
Simu ikaanza: wanalia, wanatukana.
Yeye hakupiga.
Jumatatu nikapita mbele ya nyumba yake, si kwamba ilikuwa njiani.
Dirisha wazi. Pazia limelegea kwa unyevu.
Naye kitini, paji la uso linang'aa jasho,
anajipepea taratibu
kwa risiti zangu za sifuri.